Slipu Haikuridhishi? Wasomaji Wanauliza Kuhusu Rufaa za Matokeo ya Mtihani

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa wazazi wenye watoto waliomaliza Kidato cha Nne, na chache kwa wazazi wa Gredi ya 9 na wa shule za mtaala wa Uingereza. Zinazofanana tumeziunganisha. Jambo moja tulitaje mapema tusije tukalirudia kila mahali: Baraza la Mitihani la Kenya, KNEC, hupokea malalamiko ya mtahiniwa wa shule kupitia kwa mkuu wa shule yake, na kwa kawaida muda ni siku 30 tangu matokeo kutangazwa. Matokeo ya KCSE, yaani mtihani wa Kidato cha Nne, ya 2024 yalitangazwa Alhamisi, 9 Januari 2025. Hesabu siku 30 uone zilipoangukia: Jumamosi, 8 Februari. Mzazi aliyengoja mshahara wa mwisho wa mwezi ndipo aende shuleni alibakiwa na wiki moja na siku moja, na ndani yake mna wikendi.

*Asalaam aleikum. Binti yangu alikuwa akipata B+ ya Kiswahili tangu Kidato cha Tatu. KCSE amepewa C. Masomo mengine yote yako sawasawa na alivyozoea. Nimeshakata tiketi ya treni niende KNEC Nairobi mwenyewe. Nibebe karatasi gani?*
— Mama mtu, Kisauni

Waaleikum salaam, mama. Hiyo tiketi kama yarudishika, irudishe. Behewa la kawaida ni shilingi 1,500 kwenda na 1,500 kurudi, na ukifika huko utaambiwa ombi lianzie shuleni. Safari yako ya kwanza ni kwa mwalimu mkuu.

Kabla ya hapo, hakikisha unalalamikia gredi iliyo ya kweli. Usitegemee picha iliyozunguka kwenye WhatsApp ya darasa. Fungua results.knec.ac.ke, weka nambari ya indeksi na jina kama lilivyosajiliwa. Indeksi ya KCSE ina tarakimu 11: nane za mwanzo ni za kituo, tatu za mwisho ni za mtahiniwa. Tarakimu moja ya mwisho ikikosewa unasoma matokeo ya mtoto wa jirani. Kisha linganisha na slipu iliyopigwa chapa shuleni.

Sasa tuje kwenye Kiswahili chenyewe, maana barua yako ina kitu. Somo hili lina karatasi tatu: Insha, 102/1, alama 40, Lugha, 102/2, alama 80, Fasihi, 102/3, alama 80. Jumla 200. Tuseme mtoto amepata 28 katika Insha na 112 katika hizo mbili nyingine: jumla 140, yaani asilimia 70. Zile 28 zisipoingizwa kwa sababu yoyote, anabakiwa na 112 juu ya 200, asilimia 56. Mipaka ya gredi hubadilika kila mwaka, kwa hiyo usikokotoe gredi kamili kwa hesabu hiyo, lakini unaona jinsi karatasi moja ikidondoka inavyoshusha somo ngazi kadhaa kwa mkupuo. Mtoto aliyekosea kidogo tu huteremka ngazi moja, pengine mbili. Akiteremka nne katika somo moja pekee, na mengine saba yametulia, hapo pana haki ya kuuliza.

Linalochukua uzito ni hilo: tofauti kubwa katika somo moja, rekodi ndefu ya shule inayokwenda kinyume na gredi, na kama kulikuwa na tukio chumbani (karatasi za ziada zilizofungwa kwa uzi na huenda zimechomoka, mtoto aliyehamishiwa chumba kingine, indeksi iliyofutwa na kuandikwa upya). Alama ya mtihani wa majaribio peke yake ni hoja dhaifu. Mtihani wa majaribio umetungwa na watu wengine na kusahihishwa kwa mizani nyingine, na shule nyingine husahihisha kwa mkono mwepesi ili wanafunzi wasivunjike moyo.

Na ile dhana kwamba msahihishaji alimwonea mtoto, iweke kando. KCSE husahihishwa kwa mkondo: kila msahihishaji ana swali au maswali yake, akimaliza anampasia mwenzake kijitabu. Hakuna mtu mmoja anayekaa na karatasi ya binti yako mwanzo hadi mwisho. Makosa hutokea kwingine: ukurasa uliorukwa, jumla iliyokosewa, alama isiyohamishwa kutoka kijitabu hadi fomu. Ndiyo maana barua yako iombe mambo mawili kwa mfuatano, kwanza kuhakikiwa kwa alama za kila karatasi na jumla yake, kisha kusahihishwa upya.

Barua iwe ukurasa mmoja. Iandike kwa mwalimu mkuu, uweke jina la mtahiniwa kama lilivyo kwenye slipu, indeksi, mwaka, somo na nambari yake (102), gredi aliyopata, karatasi unayoitilia shaka kama unaijua, sababu zako kwa sentensi tatu au nne, na simu yako. Ambatisha nakala ya slipu na ripoti za mihula minne ya mwisho. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, ubaki nayo. Shule ndiyo inayoingiza ombi kwenye mfumo wa KNEC wa maswali, QMIS, na kama kuna ada mfumo wenyewe utaonyesha kiasi na njia ya kulipa. Usimtumie mwalimu pesa kwenye simu yake "akulipie", hata akiwa mwalimu mzuri. Baada ya siku mbili au tatu rudi uombe nambari ya ombi au uchapishwe ukurasa unaoonyesha limetumwa. Hapa ndipo rufaa nyingi zinapofia: mzazi anaamini imetumwa, kumbe barua bado imo kwenye trei ya karani.

*Mwanangu amewekewa X kwenye Kemia. Alifanya karatasi zote tatu na mimi ndiye niliyempeleka shule siku ya mtihani wa maabara. Sasa hana gredi ya wastani. Je, hii ni rufaa?*
— Baba wa Likoni

Hapana, kaka, na afadhali isiwe. Hili ni tatizo la matokeo yaliyokosekana, na hushughulikiwa kama hitilafu ya kumbukumbu, si kama ubishi juu ya usahihishaji. X kwenye somo maana yake mfumo hauna alama ya karatasi moja au zaidi, hivyo mtahiniwa amehesabiwa kuwa hakufika.

Kemia ni 233. Karatasi ya kwanza alama 80, ya pili 80, ya tatu ambayo ni ya maabara 40. Uzoefu unatufanya tuanzie hiyo ya maabara. Shule yenye maabara ndogo huwagawa watahiniwa kwa zamu, na wa zamu ya pili huingia wakati wa kwanza wanatoka. Katika pilikapilika hizo mtahiniwa anaweza kuwekewa alama ya kutofika kwenye orodha ya mahudhurio, au kijitabu chake kikaingia bahasha isiyo yake.

Muulize mwalimu mkuu mambo haya kwa ufasaha: mwanangu alikuwa zamu ya ngapi, orodha ya mahudhurio ya 233/3 inaonyesha nini, na je, kuna watahiniwa wengine wa zamu hiyo wenye X? Wakiwa watatu au wanne wa zamu moja, ombi liende la pamoja, linasikika haraka zaidi kuliko la mmoja mmoja. Mwalimu wa Kemia na msimamizi wa chumba waandike kwamba walimwona.

Kwa wazazi wengine wenye X kwenye Kilimo au Masomo ya Kompyuta: masomo haya yana mradi, na alama za mradi huingizwa na shule yenyewe. Shule isipoziingiza, au ikiingiza za mtahiniwa mwingine, matokeo hayakamiliki. Kosa la namna hii ni la shule, na shule huwa nzito kulikiri. Omba uonyeshwe ukurasa wa alama za mradi zilizotumwa, si daftari la mwalimu.

*Tumesikia siku hizi wanachukua masomo bora saba. Mwanangu: Hesabu D, Kiswahili B, Kiingereza C-, Biolojia C, Kemia C, Historia B, IRE (dini ya Kiislamu) B+, Biashara B-. Tukiacha Hesabu tunapata pointi 53, ambayo ni B-. Slipu inasema C+. KNEC wamekosea?*
— Wazazi wawili, Changamwe

Hawakukosea, na tunafurahi mmeandika kabla ya kulipa. Utaratibu uliobadilika tangu KCSE ya 2023 hausemi masomo bora saba yoyote. Unasema Hesabu lazima ihesabiwe, pamoja na lugha moja iliyo bora, kisha masomo mengine matano bora.

Tupige hesabu. Hesabu D ni 3. Lugha bora ni Kiswahili, B, 9. Matano bora yaliyobaki: IRE B+ 10, Historia B 9, Biashara B- 8, Biolojia C 6, Kemia C 6, jumla 39. Ukijumlisha na 3 na 9 unapata 51. C+ huanzia pointi 46 hadi 52, na B- huanzia 53 hadi 59. Slipu iko sawa. Pointi zenu 53 zilitoka kwa kuitoa Hesabu na kuingiza Kiingereza chenye 5, na Hesabu haitoki hata iwe E.

Mkitaka kukata rufaa bado mnaweza, lakini iwe ya somo, si ya wastani. Angalieni linaloweza kubadilisha kitu: mkipata pointi mbili tu, mnaingia B-. Hesabu ikiwa kweli ni C- iliyoandikwa D, yaani 5 badala ya 3, mtafika. Mna sababu ya kuamini hivyo? Kama hamna, pesa hizo zinunulie vitabu vya chuo.

*Mtoto wangu wa kiume amefutiwa matokeo. Slipu ina Y. Shule inasema "walikamatwa chumba kizima" na haitaki kusema zaidi. Yeye anaapa hakuwa na simu wala karatasi.*
— Mzazi mwenye uchungu, Majengo

Pole sana, mama. Y ni matokeo yaliyofutwa kwa madai ya udanganyifu, na njia yake ni tofauti na zote tulizotaja. Kusahihishwa upya hakusaidii hapa kwa sababu hakuna anayebisha alama.

Kwanza jueni ni madai gani. Kuna kukutwa na kitu, kuna majibu yanayofanana kupita kiasi baina ya watahiniwa (hili msahihishaji ndiye huligundua, hata kama chumbani kulikuwa kimya), na kuna kusaidiwa na mtu mzima. Kila moja linajibiwa kwa njia yake. Mwandikieni mwalimu mkuu mkiomba nakala ya barua ya KNEC kuhusu kituo chenu, na mfanye hivyo kwa maandishi, maana la mdomo hukanushwa.

Pili, mwanao akae leo, si mwezi ujao, aandike mwenyewe kwa mkono wake: karatasi gani, chumba gani, alikaa dawati la ngapi, nani mbele, nani nyuma, nani kushoto na kulia, wasimamizi walikuwa nani, nani alitoka nje na lini. Kumbukumbu ya kijana hufutika upesi, na akishakaa na wenzake kijiweni kila mmoja ataanza kukumbuka ya mwenzake. Kama madai ni ya kufanana kwa majibu, mpangilio wa madawati ndio ushahidi mkubwa. Mtu aliyekaa pembe ya mbele hawezi kunakili kwa aliyekaa pembe ya nyuma, na kinyume chake pia ni kweli: kama aliyefanana naye alikuwa ubavuni, mjue mnapandisha mlima.

Tatu, rufaa ya kwanza ni kwa KNEC yenyewe. Ikikataliwa, Sheria ya KNEC ya 2012 iliunda jopo maalumu la rufaa za mitihani ya kitaifa, ambalo si idara ya KNEC, na mtahiniwa asiyeridhika na uamuzi wa baraza anaweza kufika mbele yake. Hapo tunashauri muwe na wakili, au mwende na wazazi wenzenu wa chumba hicho mkagawane gharama. Lakini kila mtoto awe na maelezo yake. Rufaa ya kundi inayosema "sote hatukufanya" humzamisha asiyefanya pamoja na waliofanya.

W ni jambo jingine: matokeo yamezuiliwa uchunguzi ukiendelea. Hapo bado hakuna uamuzi wa kupinga, lakini maelezo ya kijana yaandikwe vilevile sasa hivi.

*Mwalimu mkuu amekataa kutuma ombi letu, anasema tuna deni la karo la elfu thelathini na sita. Ana haki?*
— Fundi, Jomvu

Deni ni deni na litalipwa, lakini halihusiani na ombi la mtahiniwa kwa KNEC, na Wizara ya Elimu imeshaagiza mara kadhaa shule zisizuie vyeti kwa ajili ya karo. Usigombane naye ofisini. Mpe barua ya ombi, upate muhuri. Akikataa kupokea, itume kwa barua pepe ya shule ili tarehe ibaki. Siku hiyohiyo nenda ofisi ya mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo yako. Mombasa ina sita: Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu. Angalizo: unayemhitaji ni wa kaunti ndogo shule ilipo, si unapoishi wewe. Ukiishi Jomvu na mtoto alisoma Likoni, feri inakungoja. Chukua nakala ya barua, pendekezo lako la kulipa deni kwa awamu likiwa limeandikwa, na tarehe ya mwisho ya siku 30 umeipigia mstari. Wakuu wengi hulegea wakishaona kuna pendekezo la kulipa na mtu wa juu anajua.

*Slipu imeandikwa "Mohamed Said Abdala". Cheti cha kuzaliwa ni "Mohammed Saeed Abdalla". Gredi hatuna shida nayo. Tuache tu?*
— Nyanya yake, Old Town

Msiache, bibi. Shikamoo. Jina lililopishana halionekani tatizo hadi siku ya pasipoti, ya mkopo wa chuo au ya kazi Ghuba, na hapo kijana ataambiwa athibitishe kwamba watu wawili ni mmoja. Pwani tatizo hili ni la kila mwaka kwa sababu majina yetu huandikwa kwa masikio: Said na Saeed, Abdala na Abdalla na Abdullah, Mwanaisha na Mwana Aisha, bin na bint kuwekwa au kuachwa.

Chukueni nakala ya cheti cha kuzaliwa na cheti chake cha shule ya msingi, mwende navyo shuleni sasa kabla cheti chenyewe cha KCSE hakijachapishwa. Kusahihisha jina wakati kuna slipu tu ni kazi nyepesi kuliko baada ya cheti kutoka. Ombi hupitia shule vilevile. Msianze kwa wakili na hati ya kiapo. Anzeni na cheti cha kuzaliwa.

Wenye watoto wa Kidato cha Tatu na cha Nne mwaka huu: kabla ya mtihani shule huwaonyesha watahiniwa orodha ya usajili waikague na kutia sahihi. Mwambie mtoto aisome herufi kwa herufi, na aangalie nambari za masomo. IRE ni 314, CRE, ya dini ya Kikristo, ni 313. Kijana wa Kiislamu aliyesajiliwa 313 kwa kidole kilichoteleza atagundua siku ya karatasi, na siku hiyo ni kuchelewa.

*Binti yetu alifanya IGCSE ya Cambridge shule ya binafsi Nyali. Hisabati amepata C, alihitaji B aendelee na A Level. Hawa nao wanakatiwa rufaa vipi?*
— Baba Nyali

Huku utaratibu uko wazi zaidi kuliko wa KCSE, na ni ghali zaidi. Ombi hutumwa na afisa wa mitihani wa kituo. Cambridge haipokei kutoka kwa mzazi. Kwa mtihani wa Juni matokeo hutoka Agosti na mlango hufungwa Septemba, kwa hiyo likizo ya Agosti isiwapitie.

Mna huduma za namna tatu za kuchagua. Ya kwanza ni uhakiki wa ukarani: kurasa zote zimesahihishwa? jumla ni sahihi? alama zimehamishwa sawasawa? Ni ya bei nafuu. Ya pili ni mapitio ya usahihishaji, ambapo usahihishaji wa karatasi nzima hupitiwa tena. Ya tatu ni kupewa nakala ya karatasi aliyoandika mtoto.

Ushauri wetu ni kuanza na hiyo nakala kama muda unaruhusu. Kwanza muulize afisa wa mitihani alama za kila karatasi, kwa kuwa shule huzipata, na muone alibakisha alama ngapi kufika B. Akiwa amekosa mbili, mapitio yana maana. Akiwa amekosa kumi na tano, hayana. Kisha mwalimu wa Hisabati akae na nakala na mwongozo wa usahihishaji, ambao bodi huuchapisha, ahesabu mwenyewe. Mwalimu akipata alama zaidi, ombeni mapitio ya karatasi hiyo. Asipopata, mmeokoa fedha.

Kumbukeni alama inaweza kupanda, kubaki au kushuka, na gredi inaweza kushuka pamoja nayo. Kwa hiyo mtahiniwa lazima akubali kwa maandishi kabla ombi halijatumwa. Gredi ikibadilika ada hurudishwa. Walio na Pearson Edexcel, bodi nyingine ya mitihani ya Uingereza, wana njia zinazofanana na hizo, na wana faida moja: kuna huduma ya mtandaoni ya ResultsPlus inayoonyesha alama za mtoto swali kwa swali, na mwalimu anaweza kuifungua bila malipo.

*Mtoto wa Gredi ya 9, mtihani wa KJSEA. Hatukuridhika na alama, wala na shule ya sekondari ya juu aliyopangiwa. Tunapeleka wapi yote mawili?*
— Mama wa Mikindani

Yatenganishe. Alama ni za KNEC, kupangiwa shule ni kwa Wizara ya Elimu. Yote mawili huanzia kwa mkuu wa shule ya sekondari ya chini aliyosoma, lakini ni maombi mawili, barua mbili.

Kwenye alama, jueni kwanza zimejengwa vipi. Kila somo lina viwango vinane, kutoka EE1 yenye pointi 8 hadi BE2 yenye pointi 1, na masomo tisa yanafikisha pointi 72. Mtihani wa Gredi ya 9 wenyewe ni asilimia 60. Asilimia 20 ni ya KPSEA, mtihani wa Gredi ya 6, na 20 nyingine ni tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8. Mtoto aliyehama shule katikati, mfano kutoka Ukunda kuja Mombasa, ndiye wa kuangaliwa zaidi: tathmini zake za shule ya zamani ziliingizwa? Na nambari yake ya tathmini ilibaki ileile?

*Kijana wangu amekata kabisa. Anasema hataki rufaa, amechoka, aachwe. Mimi naona amedhulumiwa. Nimlazimishe?*
— Baba wa mapacha, Tudor

Usimlazimishe, lakini siku 30 zisikupite mkibishana. Muulize swali dogo: katika karatasi ile, ni maswali mangapi hukuyajibu? Mara nyingi kijana anayekataa rufaa anajua alichofanya chumbani na haoni njia ya kumwambia baba yake. Akikwambia aliacha maswali manne, jibu mmelipata na hakuna wa kulaumiwa. Akisema alijibu yote, mpe siku tatu, kisha mwende pamoja.

Na kwa kuwa una mapacha na yule wa pili amepita vizuri, rufaa isiwe njia ya kuwalinganisha.

*Tukiwa tunangoja jibu la KNEC, tuombe chuo kwa gredi iliyopo au tusubiri?*
— Mzazi, Bamburi

Ombeni. KUCCPS, wakala wa serikali wa kuwapangia wanafunzi vyuo, haisubiri rufaa ya mtu. Shahada inahitaji wastani wa C+, diploma C-, cheti D, na ufundi hupokea hata aliye chini ya hapo. Jazeni kwa gredi iliyo kwenye slipu, mpange chaguo ambalo mtoto atalifurahia hata rufaa isipofua dafu. Gredi ikibadilika, shule na KNEC ndio wanaosahihisha kumbukumbu, nanyi mtatumia nafasi ya kubadili chaguo kama bado ipo.

Angalieni pia kama gredi ya somo ndiyo inayozuia kozi na si wastani. Anayetaka shahada ya ualimu anahitaji angalau C+ katika masomo mawili atakayofundisha. Mwenye wastani wa B- na C ya Jiografia hawezi kuifundisha. Hapo rufaa ya somo moja inaweza kuwa na thamani kuliko ya mtu anayetafuta kuongeza wastani kwa ajili ya kujivunia harusini.

*Kuna mtu Telegram anasema ana mtu ndani ya KNEC, kwa elfu kumi na tano atabadilisha C iwe B kabla cheti kuchapishwa. Ameonyesha picha za slipu alizobadilisha.*
— Msichana aliyemaliza, Mtwapa

Ni tapeli, dada yangu, na picha ya slipu hutengenezwa kwa simu ndani ya dakika kumi. Atachukua elfu kumi na tano, kesho ataomba tano za "afisa wa kompyuta", kesho kutwa atakufungia. Mbaya zaidi, utakuwa umemtumia indeksi, jina kamili na nambari ya kitambulisho. Usimjibu tena. Piga picha za mazungumzo na nambari aliyotaka utumie pesa, kisha uripoti kituo cha polisi kilicho karibu nawe ukiwa na mtu mzima. Kama umeshatuma, piga simu kwa kampuni ya simu yako saa hiyohiyo uombe muamala uzuiwe, kabla hajazitoa.